Namna ya Kula Vizuri Sinza Bila Kusoma Menyu

Ukihamia Sinza, mtu wa kwanza kukukaribisha atakwambia kuwa huku mtu hafi njaa. Ni kweli. Asichokwambia ni kuwa mtu anaweza kula vibaya mwaka mzima huku kila siku akipita mbele ya chakula kizuri. Mwongozo huu ni wa huyo: mpangaji mpya ambaye vyombo vyake vimeshushwa jana kutoka kwenye kirikuu, mtungi wake wa gesi hauna gesi, na bado anaamini kuwa mgahawa mzuri hutambulika kwa ubao wake.

Tuanze na huo ubao. Ukiona jogoo amechorwa ukutani anatabasamu huku amebeba sinia la kuku wa kuchoma, jua kuwa fundi rangi alilipwa, basi. Jogoo mwenye akili timamu hawezi kuitangaza biashara hiyo. Mpishi hodari wa mtaa huu mara nyingi hana ubao kabisa. Ana mwavuli wa kampuni ya simu uliochanika upande mmoja, mabenchi mawili, na watu wanaokula wamesimama. Ubao huja baadaye, mtoto wa mpishi huyo akishamaliza chuo na kurudi na maneno ya kutangaza biashara. Ukishatundikwa, vipande vya nyama huanza kupungua ukubwa, maana fundi rangi lazima alipwe na mtu.

Menyu nayo isikuumize kichwa. Menyu ya Sinza, hasa ile iliyofunikwa plastiki na kuwekewa picha za vyakula vya nchi nyingine, ni orodha ya vitu ambavyo mwenye mgahawa angependa kuvipika siku moja, Mungu akijalia. Mazungumzo huwa hivi:

"Nipatie kuku wa nazi."

"Kuku wa nazi ameisha, kaka."

"Basi samaki wa kupaka."

"Samaki hajafika." Anasema hivyo kwa upole, utadhani samaki amekwama kwenye foleni ya Ubungo na nauli yake mkononi.

"Mtori je?"

"Mtori ni Jumamosi."

"Sasa kuna nini?"

"Kuna wali, ugali, nyama na maharage."

Jifunze kuanza na swali la mwisho. Ukikaa tu, sema, "Anti, leo kuna nini?" Utaokoa dakika kumi, na mhudumu atakuona mtu wa hapahapa.

Hapa lazima nikupe historia kidogo, kwa sababu bila hiyo hutaelewa kwa nini unakula ukitazamana na kamba ya nguo za mwenye nyumba. Sinza haikupangwa kuwa mahali pa kulia. Miaka ya 1970 serikali, kwa fedha za Benki ya Dunia, ilipima viwanja hapa pamoja na Kijitonyama na Mikocheni katika mradi wa viwanja na huduma: mwananchi apewe kiwanja kilichopimwa, njia na maji, nyumba ajenge mwenyewe kadiri ya mfuko wake. Waliochora ramani walifikiria vyumba, uzio na mti wa kivuli. Jiko la mkaa hawakulifikiria. Kisha mwenye nyumba akagundua kuwa uwanja wa mbele unaweza kuzaa kodi kuliko vyumba vya uani. Akabomoa uzio, akajenga fremu. Mwenye fremu ya saluni akamkodishia baraza muuza chipsi, muuza chipsi akamwachia kona muuza mishikaki, na mti wa kivuli sasa umetundikwa taa na beseni la kunawia.

Kwa hiyo Sinza unakula kwenye uwanja wa mtu. Ukiingia na haki zako za mteja, utahudumiwa kwa mujibu wa haki hizo, yaani kiasi. Ukiingia na adabu za mgeni, mambo ni mengine kabisa. Hii ndiyo siri ya mwongozo mzima na nimeitoa mapema ili wenye haraka waishie hapa.

Anuani hakuna anayeitumia. Utaelekezwa kwa vituo vya daladala: Mori, Kijiweni, Afrika Sana, Palestina, Makaburini. Zoea. Siku moja utamwambia ndugu yako aliyekuja kukutembelea kuwa supu tamu inapatikana Makaburini, naye ataanza kukuonea huruma.

Supu, basi. Supu huliwa asubuhi, na hili si pendekezo. Supu ya saa tano ni supu ya saa moja iliyoongezwa maji na matumaini. Fika mapema, wakati sufuria bado linatoa moshi na chapati zinageuzwa mbele ya macho yako. Utaulizwa, "Kongoro, utumbo au mchanganyiko?" Mgeni hujibu "nyama tupu" kwa sababu anaogopa kuonekana mshamba, na hapo ndipo anapoonekana mshamba. Sema kongoro. Kongoro lililolala jikoni usiku kucha linaachia mfupa lenyewe na kunata midomoni, kiasi kwamba ukimaliza huwezi kusema uongo kwa haraka. Kamua ndimu mwenyewe, na usikamue yote, maana nusu yake utampitishia mzee aliyekaa mkabala nawe. Ndimu ya supu ni mali ya jumuiya. Kwa nusu ndimu nimewaona watu wakiunganishiwa fundi bomba.

Kuhusu wale wanaokuja supuni na miwani ya jua saa moja asubuhi, wasalimie kwa sauti ya chini. Wako kwenye matibabu.

Utajuaje kijiwe kipi cha supu ni cha kweli? Wengi watakwambia utazame pikipiki: penye bodaboda wengi ndipo penye chakula. Ushauri huo haujakamilika, kwa sababu bodaboda hukaa wengi popote penye kivuli. Tazama funguo. Pikipiki yenye ufunguo ni ya mtu anayesubiri abiria. Iliyotolewa ufunguo, mwenyewe amekaa ndani na hataki kusumbuliwa hata na abiria wa Mbezi Mwisho. Mgahawa wenye pikipiki sita zisizo na funguo umeshakaguliwa, hauhitaji cheti kingine.

Mchana ni zamu ya mama ntilie, na hapa naomba utulivu, kwa sababu ndiko watu wanakopoteza afya zao bila kujua. Simama karibu na sufuria uangalie mkono. Kwa mteja asiyejulikana, upawa unagusa juu tu, pale mafuta mekundu yanapoelea, na unatoka na mchuzi na kipande kimoja ambacho sehemu kubwa ni mfupa. Kwa mteja anayejulikana, upawa unazama mpaka chini na kugonga sufuria, kiwiko kinanyanyuka, kiganja kinageuka kidogo, na unapanda na vipande vilivyokuwa vimejificha tangu saa nne. Kisha unarudi tena, bila kuombwa, kuongeza mchuzi juu ya wali. Bei ni ileile.

Kazi yako yote mjini, basi, ni kutoka kwenye kundi la kwanza kuingia kundi la pili. Haifanyiki kwa siku moja. Anza na salamu. "Habari" haitoshi kwa mwanamke aliyekuwa sokoni Tandale kabla hujaamka. Sema "Shikamoo mama," subiri "Marahaba," ndipo utaje tumbo lako. Njoo saa ileile. Kula kitu kilekile wiki nzima hata kama kimekuchosha, ili uwe na jina. Utaitwa "yule wa ugali dagaa," na mtu mwenye jina hasahauliki wakati wa kupakua. Usimletee msimbazi saa sita kamili mchana ukataka chenji ya mlo wa buku mbili; noti ya elfu kumi kwa wakati huo ni uchokozi. Ukilipa kwa simu, usishtuke jina likitokea la mwanaume ambaye humjui. Ni laini ya shemeji yake, na hiyo nyingine iliyobandikwa ukutani ilishafungwa. Muulize tu, "Imeingia, mama?" naye atapangusa mikono, atavaa miwani, atatazama simu kwa mbali na kusema imeingia, hata kabla haijaingia.

Sahani yako irudishe mwenyewe kwenye beseni. Malalamiko yatoe kwa sauti ya mtu anayeomba ushauri: "Mama, leo chumvi imenizidi au ni mimi ninaumwa?" Hapo umesema, na yeye amesikia, na hakuna aliyeaibika mbele ya mafundi ujenzi.

Siku utakayofika na kuambiwa, "Leo umechelewa mwanangu, nimekuwekea," umeshahitimu. Chakula hicho kitakuwa kimefunikwa kwa sahani nyingine, pembeni, mbali na macho ya wateja waliolipa kwanza. Usitazame kushoto wala kulia. Kula.

Kuna mambo mawili utayasikia kila mahali na hupaswi kuyabishia. La kwanza ni kwamba mchele wote wa Sinza unatoka Kyela. Mchele wa Kyela una sifa zake za harufu na utamu, hakuna anayekataa, lakini ukijumlisha sahani zote zinazoliwa barabara ya Shekilango kwa siku moja, wilaya hiyo ingehitaji kuhamishia mashamba yake ndani ya Ziwa Nyasa ili kututosheleza. La pili ni kwamba kuku wote ni wa kienyeji. Hapa una kipimo chako mwenyewe, nacho ni taya. Kuku wa kienyeji alitembea, alifukuzwa na watoto, alipandwa na hasira, na anaendelea kukupinga mpaka kwenye sahani. Anayeachia mfupa kwa kuguswa tu ni broila wa wiki tano, aliyemaliza maisha yake bila kujua barabara ni nini. Ukimgundua, nyamaza. Mwenye mgahawa anajua, wewe unajua, na kachumbari ipo kwa ajili ya kuwapatanisha.

Ndizi hazina utata huo. Mabibo ni pua na mdomo na hapa, na soko lake la Mahakama ya Ndizi linapokea shehena kutoka mikoa inayojua ndizi ni nini. Kwa hiyo kama kuna mtu wa Moshi anayepika mtori au ndizi nyama karibu nawe, mfuate bila maswali. Mtori mzuri unasimamisha kijiko. Ukikuta kijiko kimelala, huo ni uji.

Bufee ya jipakulie ina sheria moja tu. Wali, ugali, maharage na mchicha unajipakulia mwenyewe mpaka uone haya. Ukifika kwenye nyama, anatokea kijana mwenye koleo.

Si kila mlo unahitaji kiti. Wenzetu wa mbali wana maduka ya kununulia vitu vilivyo tayari kuliwa. Sisi tuna Mangi, na karibu naye pana mama wa genge. Kwa Mangi unachukua nusu mkate, mtindi na mayai mawili ya kuchemsha. Hatua chache mbele, kwa mama wa genge, unachukua parachichi, nyanya, kitunguu na pilipili mbuzi, naye ukimwambia ni la kula leo atalibonyeza parachichi kwa kidole gumba na kukuchagulia lililoiva. Jikatie, nyunyizia chumvi. Mlo huu haujawahi kuwekwa kwenye menyu yoyote ya mtaa na kwa maoni yangu unaishinda nusu ya migahawa yake. Jioni, mahali hapohapo, atatokea mwenye mihogo ya kukaanga na chachandu. Mihogo itafungwa kwenye karatasi ya mtihani wa Jiografia wa kidato cha pili, na utajikuta unasahihisha majibu huku mafuta yakifuta alama za mwanafunzi. Chachandu omba iwekwe pembeni kwanza. Kuna wapishi wanaoitengeneza kwa nia ya kulipiza kisasi.

Chipsi ni somo la usiku. Viazi vinatoka mbali, Njombe na Mbeya, kisha vinafika Sinza kuwekwa kwenye kabati la kioo lenye taa ya njano na kusahauliwa. Usiagize chipsi zilizo kwenye kioo. Hizo ni pambo. Subiri mpaka kijana aanze kumenya vingine, au anzisha naye mazungumzo ya Simba na Yanga mpaka zilizopo ziishe kwa watu wengine. Ukisema "zege," tazama kazi: mayai mawili yanagongwa ukingoni mwa kikaango kwa mkono mmoja, yanakorogwa kwenye kikombe cha plastiki kwa uma uliopinda, yanamiminwa juu ya chipsi zilizokwisha kupata moto; zinakandamizwa, zinatikiswa, kisha anafunika sahani juu ya kikaango na kukigeuza chote bila kutazama, maana anatazama simu. Zege linatua zima. Kijana huyu angefanya kazi kwenye sarakasi angelipwa zaidi.

Kabla hujakaa, chungulia mafuta. Yakiwa ya rangi ya chai ya rangi, sawa. Yakiwa ya rangi ya kahawa, endelea kutembea. Nyanya ya chupa itakuwa imeongezwa maji, hiyo ni kila mahali, usiifanye kesi. Utakula kwa kijiti cha meno, na ni lazima ujifunze kuchoma kipande cha yai na chipsi mbili kwa mpigo, kwa sababu mwenzako mnayechangia sahani anajua kufanya hivyo tangu shule ya msingi.

Ukitaka kubeba nyumbani, nenda na chombo chako. Tangu Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, rambo lililokuwa likivuja mchuzi mpaka kwenye suruali limebaki simulizi, na vifungashio vilivyorithi nafasi yake havijawahi kukutana na kachumbari yenye maji.

Pembeni ya kituo, chini ya taa moja, kuna meza ya pweza. Wanaume wamesimama kimya kuizunguka, kila mmoja na kikombe cha supu, na hakuna anayemtazama mwenzake. Kila mmoja yupo pale kwa ajili ya ladha tu. Ukimkuta jirani yako, au mbaya zaidi baba mwenye nyumba, msalimiane kwa nyusi. Pweza mwenyewe, akikatwa vipande vyembamba na kuwekwa pilipili na ndimu, ni chakula kizuri kweli, na inasikitisha kwamba sifa zake nyingine zimeficha hiyo.

Tumebakiwa na kitimoto, ambacho Sinza inasifika nacho kuliko vyote na ambacho nusu ya wasomaji wangu hawali, kwa hiyo nitakuwa mfupi na mwenye heshima. Wenyewe humwita nguruwe huyo mdudu, au mbuzi katoliki, na sehemu zake mara nyingi zimejitenga kidogo nyuma ya baa ili kila mtu aishi kwa amani na jirani yake. Utachagua nyama mbichi buchani, itapimwa mbele yako, utaulizwa ya kukaanga, rosti au ya kuchoma, na utaambiwa dakika ishirini. Usiamini. Jiko la kitimoto halichelewi kwa bahati mbaya. Kila dakika unayosubiri ni dakika ya kuuza vinywaji, na mhasibu mwenye shahada asingeweza kupanga vizuri zaidi. Kula muhogo kabla ya kwenda. Kilo yako itarudi imepungua, na utaelezwa kuwa ni maji yaliyotoka. Agiza na ndizi, ndipo maelezo hayo yatamezeka.

Kafe za kishua zilizoanza kuota upande wa Mlimani City na Mwenge sina ubaya nazo. Zina vyoo safi na mahali pa kuchajia simu. Chakula huletwa juu ya kipande cha ubao, jambo ambalo kwa mama ntilie lingehesabiwa kuwa ni uhaba wa sahani. Nenda ukiwa na miadi, ukiwa umeshiba.

Onyo la mwisho ni kwa aliyefanikiwa. Ukishajulikana kwa mama ntilie, umefungwa. Huwezi tena kula kwa jirani yake hata siku anayopika pilau na harufu inavuka barabara, kwa sababu mama ana watu: fundi viatu, muuza vocha, bodaboda wote sita. Ikikulazimu kumsaliti, zungukia njia ya Kumekucha, kaa ndani kabisa, mpe mgongo barabara, na usibebe mfuko. Ukirudi kwake baada ya siku mbili na kuulizwa ulikuwa wapi, mwambie ulikuwa msibani Moshi. Atakupa pole, na upawa utazama mpaka chini. Hakikisha tu hukuwahi kumwambia kwamba kwenu ni Songea.